Baba na Mwana: Dhamira Moja kutoka Tendi za Homer hadi Riwaya za Leo

Utangulizi

Katika kozi zetu za fasihi, tendi za Wayunani wa kale hutajwa zaidi tunapofika kwenye mada ya shujaa. Mwanafunzi hufundishwa kuorodhesha sifa za Achilles na Odysseus: nguvu, ujanja, safari, msaada wa miungu, udhaifu na kifo. Orodha hiyo ina manufaa yake, hasa wakati wa mtihani. Hata hivyo, kuna swali moja ambalo hulipita bila kuligusa: shujaa huyo ni mwana wa nani, na ni baba wa nani?

Makala hii inafuatilia uhusiano wa baba na mwana katika tendi mbili za Homer, yaani Iliad na Odyssey, ambazo wataalamu wengi huziweka katika karne ya 8 au ya 7 K.K. Kisha inaangalia baadhi ya kazi za kubuni zilizochota humo kwa muda wa zaidi ya miaka elfu mbili. Hoja yetu ni kwamba mzigo umehama. Kwa Homer, mwana ndiye anayetakiwa kuthibitisha kwamba anamstahili baba yake. Kadiri karne zinavyosonga, baba naye anawekwa kizimbani na kuulizwa alikuwa wapi.

Odyssey: mwana anayemtafuta baba

Odyssey ina vitabu 24, na katika vinne vya mwanzo Odysseus mwenyewe haonekani. Anayeonekana ni mwanawe Telemachus. Baba yake aliondoka kwenda vita vya Troy yeye akiwa mtoto mchanga. Vita vilichukua miaka 10, na safari ya kurudi ikachukua miaka 10 mingine. Sasa nyumba imejaa wanaume wanaotaka kumwoa mama yake, nao wanaimaliza mifugo yake kwa karamu za kila siku. Mgeni anapomwuliza kama kweli yeye ni mwana wa Odysseus, kijana anajibu kwamba mama yake ndiye asemaye hivyo. Yeye mwenyewe hajui, kwani hakuna mtu awezaye kujua kwa hakika namna alivyozaliwa. Ni jibu la mtu aliyekulia katika sifa za baba asiyeijua sura yake.

Wanapokutana katika kitabu cha 16, kwenye kibanda cha mchunga nguruwe Eumaeus, Telemachus anakataa kuamini. Anadhani ni mungu anayemchezea ili azidi kulia. Odysseus hamwonyeshi alama yoyote, maana wawili hao hawana hata kumbukumbu moja ya pamoja. Anamwambia tu kwamba hakuna Odysseus mwingine atakayekuja. Mwana hana budi kumpokea baba kwa neno lake.

Tulinganishe tukio hilo na lile la kitabu cha 24, ambapo Odysseus anakutana na baba yake mzee, Laertes. Hapo alama zipo. Kwanza lipo kovu la mguuni. Pili ipo miti ambayo Laertes alimpa utotoni, alipokuwa akimfuata nyuma shambani: mipea 13, mitufaha 10, mitini 40 na safu 50 za mizabibu. Odysseus anaitaja yote kwa hesabu, na mzee anaishiwa nguvu magotini kwa furaha. Odysseus alilelewa na baba yake, lakini Telemachus hakulelewa na wake. Homer halitamki jambo hilo waziwazi, lakini msomaji makini ataona kwamba upande mmoja una hesabu kamili ya miti na upande mwingine hauna kitu.

Tukio jingine la kuangaliwa ni lile la upinde katika kitabu cha 21. Telemachus anajaribu kuupinda upinde wa baba yake mara tatu na kushindwa. Katika jaribio la nne angeuweza, lakini Odysseus, akiwa bado amejificha katika vazi la ombaomba, anamkataza kwa ishara. Kijana anatii na kujifanya dhaifu mbele ya watu wanaomdharau. Kwa Homer, utii huu ndio unaokamilisha utu uzima wake: amefikia nguvu za baba, na papo hapo anakubali kukaa nyuma yake.

Iliad: baba anayemlilia mwana

Katika Iliad hali ni kinyume. Hapa baba ndiye anayetoka kumtafuta mwana, na mwana huyo amekwisha kufa. Priam, mfalme wa Troy, alikuwa na wana 50, na wengi wao wameuawa vitani. Achilles amemwua Hector, aliye bora kuliko wote, na bado anaiburuza maiti yake. Katika kitabu cha 24 mzee huyo anaingia usiku katika kambi ya adui, anapiga magoti, na kuibusu mikono iliyowaua wanawe. Hoja yake ni moja tu: mkumbuke baba yako, aliye mzee kama mimi.

Achilles anajua kwamba baba yake, Peleus, hatamwona tena. Basi wawili hao wanalia pamoja, mmoja akimlilia mwana, mwingine akimlilia baba na rafiki yake Patroclus. Kisha maiti inarudishwa. Utendi ulioanza kwa hasira unafikia mwisho wake kwa sababu muuaji amemwona baba yake katika sura ya adui. Kwa maoni yetu, hakuna mahali pengine katika tendi hizi ambapo uhusiano wa baba na mwana unafanya kazi kubwa kuliko hapa.

Roma na Italia: kubeba na kuacha

Virgil, mshairi wa Kirumi aliyefariki mwaka 19 K.K., aliuchukua urithi wa Homer na kuutumikisha kwa ajili ya Roma. Katika Aeneid, Aeneas anaikimbia Troy inayoungua akiwa amembeba baba yake, Anchises, mabegani, huku akimshika mkono mwanawe mdogo. Picha hiyo inaeleza msimamo mzima wa utendi huo: wakati uliopita uko mabegani, wakati ujao uko mkononi, na mtu mzima aliye katikati hana nafasi ya kuyafuata matakwa yake. Hata baba anapokufa, mwana anamfuata kuzimu katika kitabu cha 6 ili apokee maagizo. Mara tatu anajaribu kumkumbatia, na mara tatu kivuli kinamponyoka. Wajibu umebaki, lakini mwili wa baba haushikiki tena.

Dante (1265–1321) hakuisoma Odyssey yenyewe, maana hakujua Kiyunani. Lakini alimjua Odysseus kupitia waandishi wa Kilatini, naye akamweka motoni. Katika sehemu ya kwanza ya utendi wake, Odysseus anakiri kwamba mapenzi kwa mwana, kwa baba na kwa mke hayakutosha kuizima hamu yake ya kuujua ulimwengu. Akaondoka, akazama pamoja na wenzake. Hapa ndipo tunapoona kwa uwazi swali jipya: je, safari ya shujaa ilikuwa haki ya wale aliowaacha?

Mwalimu mahali pa baba

Hatua inayofuata inatuhusu sana sisi walimu. Mwaka 1699 ilichapishwa nchini Ufaransa riwaya ya Fénelon iitwayo Les Aventures de Télémaque. Fénelon alikuwa askofu na mwalimu wa mjukuu wa Mfalme Louis XIV, na aliiandika kwa ajili ya mwanafunzi wake huyo. Alichukua pengo lililoachwa na Homer katika safari za Telemachus, akalijaza kwa visa vipya. Baba yumo kama lengo la safari tu. Anayeongozana na kijana, anayemkemea na kumfunza, ni mzee Mentor, ambaye ndani yake amejificha mungu wa kike wa hekima. Mafunzo yenyewe ni kwamba mfalme mwema huchukia vita na anasa. Louis XIV alipenda vyote viwili, akaona kwamba anasemwa yeye. Fénelon hakurudi tena katika jumba la mfalme. Riwaya inaishia pale Telemachus anapomkuta baba yake kwa Eumaeus, kana kwamba baba huonekana tu baada ya mwalimu kumaliza kazi.

Kitabu hicho kilifika pia barani Afrika, na kwa njia ya kusikitisha. Rifa'a al-Tahtawi, Mmisri aliyesoma Paris kati ya 1826 na 1831, aliongoza Shule ya Lugha jijini Kairo. Utawala ulipobadilika, shule yake ilifungwa, naye mwaka 1850 akapelekwa Khartoum kusimamia shule ya watoto. Ilikuwa adhabu. Akiwa huko, mbali na kwao, ndipo alipoifasiri riwaya ya Fénelon kwa Kiarabu. Alirudi Misri mwaka 1854, na tafsiri ikachapwa Beirut mwaka 1867. Mwalimu wa lugha aliyeadhibiwa na mtawala alifasiri kitabu cha mwalimu mwingine aliyeadhibiwa na mtawala, kuhusu kijana aliyefunzwa na mwalimu kwa kuwa baba hayupo. Wanafunzi wetu wa tafsiri wafikirie jambo hili kila wanaposikia kwamba mfasiri ni mpitishaji tu wa maneno ya mwenzake.

Karne ya 20: Joyce na Kazantzakis

Riwaya ya James Joyce, Ulysses, ilichapishwa Paris mwaka 1922. Matukio yake ni ya siku moja mjini Dublin, tarehe 16 Juni 1904. Leopold Bloom, wakala wa matangazo ya magazeti, ndiye Odysseus wa mji huo. Baba yake alijiua kwa sumu, na mwanawe wa pekee, Rudy, alifariki akiwa na umri wa siku 11. Stephen Dedalus, kijana mwalimu na mshairi, ndiye Telemachus. Baba yake yu hai, lakini ni mlevi na msemaji asiyetegemewa. Usiku unapokuwa mkubwa Bloom anamwokota Stephen aliyepigwa na kuanguka barabarani, na kwa dakika moja anamwona Rudy kama ambavyo angekuwa sasa. Anampeleka nyumbani, anampa kakao, anamkaribisha alale. Stephen anashukuru na kwenda zake.

Baadhi ya wasomaji hulalamika kwamba mwisho huo haukamilishi kitu. Sisi tunaona kwamba huo ndio ukweli ambao Joyce aliutaka. Kuonana kwa baba na mwana kumekuwa ukarimu wa usiku mmoja kati ya watu wasio na damu moja. Kwa Homer damu ndiyo inayofunga hadithi. Kwa Joyce damu imeshindwa, na kinachobaki ni kikombe cha kakao.

Nikos Kazantzakis wa Krete alichukua njia nyingine. Mwaka 1938 alitoa utendi wake wa Odyssey wenye mistari 33,333, kila mstari ukiwa na mizani 17. (Wanafunzi wa ushairi walinganishe na kipande cha mizani 8 cha utenzi wetu.) Odysseus wake amerudi Ithaca na hawezi kukaa. Nyumbani pamekuwa padogo, na mwanawe anamwogopa kama mgeni mkali. Anamwoza Telemachus na kuondoka moja kwa moja. Safari hiyo inampitisha Misri na kumfikisha kwenye chanzo cha Mto Naili, anapojenga mji wa haki ambao baadaye unateketezwa na ardhi yenyewe. Sisi tunaoishi katika nchi za Maziwa Makuu tuna sababu ya kuisoma sehemu hiyo kwa jicho kali. Kwake, bara hili ni mahali ambapo mtu wa Ulaya aliyemwacha mwanawe anakuja kuitafuta nafsi yake.

Walcott: baba anayeuliza maana ya jina

Jibu la upande wa pili lilitoka Karibi. Derek Walcott wa Saint Lucia, aliyetunukiwa Tuzo ya Nobel mwaka 1992, alichapisha Omeros mwaka 1990. Wahusika wake Achille na Hector ni wavuvi maskini, wajukuu wa watumwa, na majina yao ya Kiyunani waliyapata kwa mabwana. Katikati ya utendi, Achille anachomwa na jua baharini, na katika njozi anasafiri hadi kijiji kimoja cha Afrika kando ya mto. Huko anakutana na baba yake wa kale, Afolabe.

Mkutano huo umegeuza mambo yote ya Homer. Afolabe hatafuti kovu wala hesabu ya miti. Anauliza jina la mwanawe lina maana gani, na Achille hajui. Huko anakotoka, watu hupokea sauti walizopewa bila kuuliza. Baba anahuzunika, kwa sababu kwake jina lisilo na maana ni kama mtu asiye na kivuli. Methali yetu husema kwamba mwacha asili ni mtumwa. Walcott anatulazimisha kuipima tena, maana Achille hakuiacha asili yake, alinyang'anywa. Mtumwa ndiye aliyeachanishwa na asili, kisha akalaumiwa kwa kutoijua.

Kuna baba mwingine ndani ya Omeros. Baba wa Walcott mwenyewe, Warwick, alifariki mwanawe akiwa na umri wa takribani mwaka mmoja. Ndani ya utendi anamjia kama kivuli, kama Anchises alivyomjia Aeneas. Lakini hamwonyeshi wafalme wa baadaye. Anamwonyesha wanawake wa mji wa Castries waliobeba vikapu vya makaa ya mawe vichwani kuyapakia melini, naye anamwagiza awape sauti.

Baba anayeuawa na baba anayejifunza

Tukumbuke pia kwamba Wayunani walikuwa na utendi mwingine, Telegonia, ambao umepotea na tunaujua kwa muhtasari tu. Humo Telegonus, mwana wa Odysseus aliyezaliwa na Circe, anakwenda Ithaca kumtafuta baba na kumwua bila kumjua. Msomaji wa Kiswahili atakumbuka mara moja Fumo Liyongo, aliyechomwa kitovuni na mwanawe kwa sindano ya shaba. Hatudai kwamba kuna aliyeiga kwa mwingine. Tofauti ndiyo yenye faida darasani: Telegonus hakujua, mwana wa Liyongo alijua na alikuwa ameahidiwa malipo. Katika kisa cha kwanza lawama inamwendea baba aliyezaa na kuondoka. Katika cha pili inamwangukia mwana.

Madeline Miller wa Marekani alikirejesha kisa cha Telegonus katika riwaya yake Circe ya mwaka 2018. Anayesimulia ni mama, na kwa hiyo tunasikia kwa mara ya kwanza gharama ya kumlea peke yake mtoto anayeota habari za baba asiyekuwepo. Telemachus naye anaeleza jinsi baba aliyemsubiri kwa miaka mingi alivyorudi akiwa mtu mgumu, mwenye kumshuku kila mmoja.

David Malouf wa Australia, katika riwaya fupi ya Ransom (2009), aliurudia usiku ule wa Priam. Alimwongezea mhusika mmoja: Somax, mwenye mkokoteni na nyumbu wawili, aliyezika wanawe. Njiani anamsimulia mfalme habari za watoto hao, namna walivyoishi na walivyokufa. Priam, baba wa wana 50, anatambua kwamba hana masimulizi kama hayo. Desturi za kifalme zilimweka mbali na watoto wake mwenyewe. Mfalme anajifunza ubaba kwa maskini, na ndipo anapokuwa tayari kusimama mbele ya Achilles.

Hitimisho

Tumeona kwamba tangu Homer hadi Malouf na Miller watu ni wale wale, lakini anayeulizwa maswali amebadilika. Telemachus wa Homer aliulizwa kama anatosha kuwa mwana wa Odysseus. Odysseus wa Dante, wa Kazantzakis na wa Miller anaulizwa kama alitosha kuwa baba wa Telemachus. Katikati yao wamesimama watu waliolea wasiowazaa: Mentor wa Fénelon na Bloom wa Joyce.

Mabadiliko haya si mapambo ya kisanaa tu. Katika madarasa yetu wamo wanafunzi waliokua bila baba kwa sababu ya vita, kazi za mbali, maradhi au kutelekezwa. Tukiwafundisha kwamba Odysseus ni shujaa na tukaishia hapo, tumewaambia kwamba miaka 20 ya Telemachus haikuwa na uzito. Tunapendekeza basi walimu wa fasihi linganishi watumie maswali matatu yafuatayo:

1. Katika kazi unayoisoma, baba na mwana wanatambuana kwa alama gani: mwili, mali, neno au jina?

2. Nani alimlea mwana wakati baba hayupo, na je, mwandishi amempa mlezi huyo nafasi ya kusema?

3. Linganisha kifo cha Odysseus mikononi mwa Telegonus na kifo cha Liyongo. Kila jamii inamlaumu nani, na kwa nini?

Maswali haya yanaweza kutumika pia kwa riwaya na tenzi za Kiswahili zilizomo katika mitalaa yetu. Walimu watakaoyajaribu wanakaribishwa kutuletea majibu ya wanafunzi wao kwa ajili ya toleo lijalo.